Maswali yenu kuhusu Planetes: skrubu, taka za angani na ndoto ya Hachimaki

Barua nyingi za toleo hili zinahusu mfululizo mmoja tu, Planetes. Kwa asiyeujua: ni manga ya Makoto Yukimura iliyochapishwa Japani katika jarida la Morning kuanzia 1999 hadi 2004. Studio ya Sunrise ikaigeuza anime ya vipindi 26 chini ya mwelekezaji Goro Taniguchi, ikaonyeshwa na televisheni ya NHK mwaka 2003 na 2004. Mambo yanatokea mwaka 2075. Hachirota Hoshino, ambaye wote humwita Hachimaki, ameajiriwa Kitengo cha Taka cha kampuni ya Technora. Kazi yake ni kutoka nje ya chombo na kuzoa mabaki ya setilaiti na roketi yasije yakagonga watu. Ndoto yake ni kumiliki chombo chake mwenyewe cha angani, ila mshahara wake hautoshi kununua hata mlango wa chombo hicho.

Majibu yetu yanagusa mambo ya mwanzo na ya katikati. Mwisho tumeuacha ukausubiri mwenyewe.

Nianze na manga au anime? Binamu yangu anasema ni hadithi mbili tofauti. (Msomaji, Kisumu)

Binamu yako hajakosea. Kwenye anime, Ai Tanabe, mfanyakazi mpya, anaripoti kazini kipindi cha kwanza kabisa, na kitengo tunakijua kupitia macho yake: meneja asiyetaka makuu, bosi mdogo anayelalamikia bajeti, sekretari aliyeajiriwa kwa mkataba. Ni hadithi ya ofisi iliyohamia angani. Kwenye manga, chombo cha Toy Box kina watu watatu tu, Hachimaki, Fee na Yuri, na Tanabe anakuja baadaye kabisa. Hakuna ofisi, hakuna mapenzi ya polepole kati ya dawati na dawati. Badala yake kuna mtu mmoja anayepigana na nafsi yake.

Ushauri wetu: anza na anime, kisha soma manga. Ukigeuza, anime itakuchosha mwanzoni kwa sababu vichekesho vya vipindi vya awali ni vizito kidogo. Kipindi cha 6, cha watu wa Mwezini wanaojifanya ninja, ukikiruka hutapungukiwa na kitu. Cha 7 usikiruke hata kidogo. Na tafadhali usiache kabla ya cha 10 na cha 11, maana hapo ndipo mfululizo unaacha mzaha.

Kipindi cha kwanza kinasema skrubu moja iligonga dirisha la chombo cha abiria watu wakafa. Mume wangu ni fundi magari, anasema hiyo ni chumvi. Nani mkweli? (Msomaji, Arusha)

Dada, mwambie shemeji kwamba kinachoua hapa si uzito wa skrubu bali kasi yake, na hesabu ni fupi kiasi kwamba anaweza kuifanya mwenyewe gereji.

Kitu kilicho kwenye obiti ya chini, yaani njia ya kuizunguka Dunia kati ya kilomita 400 na 1,000 juu yetu, husafiri takriban kilomita 7.5 kila sekunde. Vitu viwili vikielekea upande mmoja vinaweza kugusana bila madhara makubwa. Lakini obiti hukatana kama njia panda, na wastani wa kasi ya kugongana ni kama kilomita 10 kwa sekunde. Nishati ya mgongano ni nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi tena. Chukua bolti ya gramu 10: utapata jouli 500,000. Ni nishati ile ile ya gari dogo la tani moja linalokwenda kilomita 114 kwa saa, isipokuwa yote imekusanyika kwenye ncha ya kidole.

Mifano halisi ipo. Juni 1983, chombo cha Challenger kilirudi ardhini kikiwa na kishimo kwenye kioo cha mbele. Kilichokichimba kilikuwa kijipande cha rangi cha milimita 0.2 hivi. Kioo kikabadilishwa. Mwaka 2016 mwanaanga Tim Peake alipiga picha ya alama ya milimita 7 kwenye dirisha la Cupola, kijumba cha madirisha cha Kituo cha Kimataifa cha Anga. Nayo ilisababishwa na kichembe kidogo mno.

Sasa, kwa nini skrubu hasa? Taka za angani zina makundi matatu. Kilichozidi sentimita 10 huonekana kwa rada kutoka ardhini, na kituo kinaweza kukikwepa: uwezekano wa kugongwa ukizidi 1 kwa 10,000, kituo husogezwa iwapo hali inaruhusu. Kilicho chini ya sentimita 1 huzuiwa na ngao. Ngao hiyo, iliyobuniwa na Fred Whipple mwaka 1947, si bati nene kama watu wanavyodhani. Ni bati jembamba la nje, kisha nafasi tupu ya sentimita kadhaa, kisha ukuta wenyewe. Kijipande kikigonga bati la nje kinapasuka kuwa wingu la chembe, wingu linatawanyika ndani ya nafasi ile, na ukuta unapokea kipigo kilichogawanyika. Kituo cha Kimataifa kimeongezewa vitambaa vigumu vya Nextel na Kevlar katikati.

Kundi la kati, sentimita 1 hadi 10, ndilo tatizo lisilo na dawa. Ni dogo mno kufuatiliwa lote, ni kubwa mno kuzuiwa. Kwa makadirio ya shirika la anga la Ulaya, vipande vinavyozidi sentimita 1 ni zaidi ya milioni moja. Skrubu ya Planetes iko humo humo. Tena imegonga dirisha, mahali pasipoweza kuwekewa ngao ya mabati mawili bila kuacha kuwa dirisha. Ndiyo sababu Cupola ina vifuniko vinavyofungwa wakati haitumiki.

Shemeji ana haki mahali pamoja. Madirisha ya vyombo vya zamani vya Marekani yalikuwa na tabaka tatu za kioo, na uwezekano wa skrubu kulenga dirisha badala ya bawa ni mdogo. Ajali ile si ya kila siku. Lakini si chumvi.

Je, kazi ya Hachimaki ipo kweli? Naomba hatua kwa hatua: mtu anakamataje taka angani? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kazi ipo, ila kwa sasa inafanywa na mashine, na kwa majaribio. Kampuni ya Kijapani ya Astroscale ilirusha chombo cha ADRAS-J mnamo Februari 2024. Shabaha yake ilikuwa sehemu ya juu ya roketi ya H-IIA iliyoachwa angani tangu 2009, dude la urefu wa mita 11 na uzito wa tani 3. Kilikaribia hadi umbali wa mita 15 hivi, kikapiga picha, kikaondoka. Hakikushika kitu, kushika kumeachiwa chombo kitakachofuata. Mita 15 zinaonekana mzaha mpaka ujue ugumu wake.

Kwanza lazima urushwe kwenye bapa lile lile la obiti ya shabaha, yaani obiti yako ielekee upande ule ule na yake. Kubadilisha mwelekeo wa obiti ukiwa juu kunakula mafuta kupita kitu chochote. Ukiwa na kasi ya kilomita 7.5 kwa sekunde, kugeuza obiti kwa nyuzi 10 tu kunahitaji badiliko la kasi la kilomita 1.3 kwa sekunde. Kwa injini ya kawaida ya kemikali hapo umechoma zaidi ya theluthi ya uzito wa chombo chako. Kumbe kuishusha taka iliyo kilomita 800 juu, hadi iguse hewa na kuungua, kunahitaji mita 210 tu kwa sekunde. Kuiangusha ni rahisi mara sita kuliko kuhamia kwa jirani yake. Toy Box inaporuka kutoka taka hii hadi ile kama bodaboda inayobeba abiria wa njia zote, hapo waandishi wamejisamehe.

Pili, unaikaribia kwa hatua, ukisimama kila baada ya umbali fulani kuhakiki. Shabaha haina redio wala taa, haikuambii iko wapi. Kwa mbali unategemea vipimo vya kutoka ardhini, kwa karibu unategemea kamera, na jua likiwa nyuma yake kamera inaona giza tupu.

Tatu, unaizunguka na kupima inavyobiringika. Taka nyingi hubiringika kwa sababu ya mafuta yaliyovuja, mgandamizo wa mwanga wa jua au mlipuko wa zamani. Ukienda kuishika kabla hujalinganisha mzunguko wako na wake, itakupiga kwa upande wake mrefu.

Nne, unashika sehemu iliyoundwa kubeba mzigo. Kwenye roketi, hiyo ni pete ambayo setilaiti ilifungwa, au mdomo wa injini. Ukishika paneli ya jua itakatika, na badala ya taka moja utakuwa umezalisha mia. Ukigusa bila kushika, unaisukuma, nayo inaondoka ikibiringika vibaya kuliko mwanzo. Kuhusu nyavu na vyusa (mikuki yenye kamba), chombo cha RemoveDEBRIS kilijaribu wavu mwaka 2018 na chusa mwaka 2019, vyote vikafaulu, lakini kwa shabaha zilizotolewa na chombo hicho hicho.

Tano, unashuka nayo. Mabaki ya mafuta na betri kuukuu yanaweza kulipuka njiani.

Planetes inakosea kwa kuwatuma watu wenye suti nje kila siku kwa kazi ambayo mkono wa roboti ungeifanya. Lakini kuna jambo ililolijua mapema: kitengo cha Hachimaki hakiingizi faida, ndiyo maana wenzao wanakiita Nusu Kitengo, kwa kuwa kinaendeshwa na nusu ya watu wanaohitajika. Nani atalipa kuzoa taka ya mwingine? Swali hilo liko mezani hadi leo, na chombo cha ADRAS-J chenyewe kilikuwa kazi ya kandarasi kutoka shirika la anga la Japani, JAXA.

Nipo Makueni. Lile pete lililoanguka kwetu lingekuwa kazi ya Toy Box? Na kama lingeangukia nyumba yangu, nani angenilipa? (Msomaji, Makueni)

Naam, ni kazi yao hasa. Kwa wasiokumbuka: tarehe 30 Desemba 2024 pete la chuma lenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi lilianguka kijiji cha Mukuku. Shirika la Anga za Juu la Kenya likatangaza kuwa ni sehemu ya roketi inayotenganisha hatua moja na nyingine. Kwa kawaida vitu hivyo hupangwa viungue angani au vitumbukie baharini. Vyuma vinavyostahimili joto kali, kama titani na chuma cha pua, ndivyo hufika chini vikiwa vizima.

Kuhusu malipo, sheria ipo. Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972 unasema taifa lililorusha chombo linawajibika moja kwa moja kwa madhara ya ardhini, bila mlalamikaji kulazimika kuthibitisha uzembe. Anayedai ni serikali yako kwa niaba yako, kwa hiyo mlango wako wa kwanza ni chifu na kituo cha polisi. Mwaka 1978 setilaiti ya Kisovieti ya Kosmos 954, yenye tanuri la nyuklia, ilisambaa kaskazini mwa Kanada. Kanada ilidai dola milioni 6 za Kanada, ikalipwa milioni 3.

Na lingine, kwa sababu wanunuzi wa vyuma chakavu hawakawii: kipande kilichotoka angani ni mali ya nchi iliyokirusha hata kikilala shambani kwako. Usikiuze. Wala usikiguse. Matangi hubaki na hidrazini, mafuta yenye sumu inayopenya hata kwenye ngozi, na tangi lililofungwa linaweza kuwa bado na presha. Zuia watoto na mifugo, piga picha kwa mbali, toa taarifa.

Magaidi wa kipindi cha 12 wanataka kugonganisha setilaiti na kituo ili anga lijae vipande na mtu asiruke tena. Inawezekana? (Msomaji, Muscat)

Wazo lenyewe ni la kweli. Donald Kessler na Burton Cour-Palais waliliandika mwaka 1978: mgongano unazaa vipande, vipande vinazaa migongano, hadi obiti fulani inakuwa haifai. Anime imeharakisha tu. Kwenye hesabu halisi mambo huchukua miongo mingi, hayaishi kabla ya tangazo la biashara.

Kinachoamua ubaya ni kimo. Januari 2007 China iliivunja setilaiti yake ya Fengyun-1C kwa kombora, kilomita 865 juu, na vipande zaidi ya 3,000 vikaorodheshwa. Februari 2009 setilaiti ya Iridium 33 na ile iliyokufa ya Kosmos 2251 ziligongana kilomita 789 juu ya Siberia. Novemba 2021 Urusi iliivunja Kosmos 1408, karibu kilomita 480 juu, vikatoka zaidi ya 1,500. Vya 2021 vilianza kushuka na kuungua upesi kwa sababu hewa nyembamba iliyoko huko bado inavivuta. Vya 2007 wajukuu zetu watavikuta, maana kilomita 800 juu kitu hukaa zaidi ya karne. Magaidi wa Planetes wangekuwa na akili zaidi wangechagua kimo kirefu.

Nono, yule binti wa Mwezini, ana miaka 12 na ni mrefu kuliko watu wazima. Kweli mtoto akikulia Mwezini atarefuka? (Msomaji, Unguja)

Hakuna mtoto aliyewahi kukulia huko, kwa hiyo tunajibu kwa kilichopimwa kwa watu wazima. Wanaanga hurefuka hadi asilimia 3 kwa sababu pingili za mgongo hazibanwi na uzito, kisha hurudi kimo chao wakishatua. Hapo Nono ana msingi, ingawa mvutano wa Mwezi ni moja ya sita ya wetu, si sifuri. Lenye uzito zaidi ni mifupa: bila mazoezi, nyonga hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya msongamano wa mfupa kila mwezi, na ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi kama saa mbili kwa siku. Kwamba Nono hawezi kuja kuogelea kwenye bahari ya Dunia, na bahari yake ni vumbi la Mwezini, hilo linaaminika kabisa.

Wahariri, salamu. Kijana wangu wa kidato cha pili ametazama Planetes na Space Brothers, ile anime nyingine ya wanaanga, sasa hasemi jingine ila kuwa mwanaanga. Baba yake anasema ni ndoto za mchana. Mimi sitaki kumvunja moyo wala kumdanganya. Nimwambie nini? (Mama, Morogoro)

Mama, mwambie ukweli wote, pamoja na ule mchungu, kwa mpangilio huu.

Uraia ndio ukuta wa kwanza. JAXA huchukua Wajapani, NASA huchukua Wamarekani, shirika la Ulaya huchukua raia wa nchi wanachama. Leo Mtanzania hana dirisha la kupeleka maombi hata kwa moja kati ya mashirika hayo. Mwafrika wa kwanza kufika angani, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, alijilipia mwenyewe mwaka 2002.

Kisha idadi. Katika usaili wa JAXA ulioanza mwisho wa 2021 waliomba watu 4,127, wakachukuliwa wawili. Masharti ya mwanzo hayakuwa ya kutisha: miaka mitatu ya kazi, kimo cha sentimita 149.5 hadi 190.5, macho yanayoona vizuri hata kwa miwani. Shahada ya chuo, iliyokuwa lazima zamani, iliondolewa. Mmoja wa waliochaguliwa, Makoto Suwa, alikuwa na miaka 46, mfanyakazi wa Benki ya Dunia. Alishawahi kuomba mwaka 2008 akakosa. Katikati alifanya kazi Rwanda kama mfanyakazi wa kujitolea. Hilo litamfurahisha kijana: njia ya kwenda angani ilipitia jirani.

Sehemu ya Space Brothers ambako watahiniwa wanafungiwa chumbani na kutazamwa kwa kamera si ya kubuni kabisa. Waliofika hatua ya mwisho ya usaili wa 2008 walikaa wiki moja kwenye chumba kilichofungwa huko Tsukuba. Wanaopima hawatafuti shujaa. Wanatazama nani anaosha vyombo bila kuambiwa, nani ananuna akishindwa, nani anapokea agizo la mtu asiyempenda.

Baada ya hapo mweleze yanayowezekana kuanzia hapa alipo. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, ilikuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande. Tarehe 11 Mei 2018 ilitolewa angani kutoka maabara ya Kijapani ya Kibo kwenye Kituo cha Kimataifa, kwa mpango wa Umoja wa Mataifa na JAXA unaoitwa KiboCUBE. Ya Rwanda ilifuata mwaka 2019, ya Uganda mwaka 2022, zote kupitia Kibo. Wahandisi wa ile ya Uganda walisomea kazi hiyo katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu. Kwa mtazamaji wa Planetes kuna raha ya ziada: kikitolewa kwenye kimo cha kilomita 400, kijisanduku hushuka chenyewe na kuungua ndani ya mwaka mmoja au miwili, hakiachi kazi kwa akina Hachimaki.

Kwa vitendo: fizikia na hisabati zisishuke. Ajifunze kulehemu nyaya kwa bati na kuandika programu ndogo kwa Arduino, kompyuta ndogo ya kujifunzia, au kifaa kama hicho. Akipata kipima joto, betri na redio vikafanya kazi pamoja kwa saa 24 bila kuzima, ameshagusa matatizo matatu ya setilaiti kwa mpigo, yaani umeme, joto na mawasiliano. Hitilafu yake ya kwanza huenda ikawa betri: redio inaporusha ishara inavuta umeme mwingi kwa ghafla, volti zinashuka, na kompyuta ndogo inajiwasha upya katikati ya ujumbe. Kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, ikiwekwa karibu na redio husaidia. Asome Kiingereza, na Kijapani kama ana hamu, kwa sababu ufadhili wa serikali ya Japani kwa wanafunzi wa nje hutangazwa kila mwaka kupitia balozi zake.

Na baba yake naye asipuuzwe. Planetes yenyewe inamuunga mkono kidogo. Hachimaki anapoamua kuomba nafasi kwenye Von Braun, chombo cha safari ya miaka saba kwenda Mshtarii, anaanza kukata watu kama anayepunguza mizigo. Anamkwepa Tanabe, anawadharau wenzake. Anime haimpigii makofi. Inamwonyesha pia mkuu wa mradi, Locksmith, ambaye mlipuko wa injini ya majaribio unaua watu wengi naye anawaza injini itakayofuata. Mzazi anayetaka mazungumzo na kijana atazame naye vipindi vya 16 hadi 21, kisha amuulize: hapa Hachimaki amekosea wapi? Hotuba haitahitajika.

Claire na Temara wanatoka El Tanika, nchi maskini yenye vita. Kwetu Kongo tumeiona kama ni sisi. Waandishi walikuwa wanasema nini? (Msomaji, Lubumbashi)

El Tanika ni nchi ya kubuni iliyowekwa Amerika ya Kusini, lakini umeisoma sawasawa. Katika dunia ya 2075 nchi tajiri, kupitia umoja unaoitwa INTO, zimeshika obiti na madini ya Mwezini, na walioachwa chini wanaambiwa faida itawafikia baadaye. Kipindi cha 11 ndicho kiini. Temara anafika kituoni na suti ya angani iliyotengenezwa na karakana ndogo ya nchini kwake, akiomba ipimwe tu ipate cheti. Suti ni nzuri. Anazunguka na sanduku lake kutoka ofisi hadi ofisi, na kila mtu ana sababu ya kutokuwa na muda. Atakayetazama asimalize kipindi hicho akila.

Tuna lawama moja. Watu wa El Tanika tunaowajua ni wachache, na mfululizo unawapa milango miwili, ya kuhurumiwa au ya kushika silaha. Claire ndiye pekee aliyechorwa kwa undani, naye analipa kwa uchungu. Mataifa mengine yanapewa watu wavivu, wacheshi, waoga, wa kila aina. Upungufu huo unaonekana zaidi kwa msomaji wa Lubumbashi kuliko wa Tokyo. Betri za lithiamu zilizofungwa Kituo cha Kimataifa kati ya 2017 na 2021, zenye seli zilizotengenezwa Japani, ni za aina inayotumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo. Temara angekuwa na la kusema hapo.

Kwa ufupi

*Kwa nini milipuko ya nje haina sauti?* Hakuna hewa ya kubeba sauti. Mfululizo unakuacha usikie pumzi na redio ndani ya kofia, na hapo umeshinda filamu nyingi za gharama kubwa. (Msomaji, Mwanza)

*Tanabe kuambiwa avae nepi ni utani?* Hapana. Kazi ya nje ya chombo huchukua saa sita hadi saba na suti haivuliwi katikati. Wanaanga huvaa, wake kwa waume. (Msomaji, Bujumbura)

*Fee anavuta sigara kituoni. Inaruhusiwa?* Kwenye Kituo cha Kimataifa, hapana. Bila uzito hewa ya moto haipandi, kwa hiyo mwali hauchongoki. Unakuwa kama tufe dogo la bluu, hafifu, usioonekana kwa urahisi. Moshi nao haupandi kwenye dari, unafuata feni. Ndiyo sababu vigunduzi vya moshi vya kituo hufungwa kwenye njia za hewa, na ndiyo sababu Fee amewekewa kibanda chake peke yake chenye uvutaji hewa. Kwa hilo mchoraji alifanya kazi yake. (Msomaji, Eldoret)